Kurudia somo alilofaulu: ni hasara au msingi?

Mama mmoja wa Moshi ameniandikia. Binti yake anasoma Marekani, katika kile wanachokiita chuo cha jamii, ambako mwanafunzi husoma miaka miwili ya mwanzo kwa ada nafuu, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Binti amepata C kwenye kemia ogania, na anataka kulirudia somo hilo akishahamia. Baba amekataa: hawezi kulipia mara mbili somo ambalo mtoto ameshafaulu. Sasa simu ya baba na binti imekatika, mama yuko katikati.

Wazazi wenzangu, tusiwahukumu haraka. Baba ana hoja. Hapa kwetu mwanafunzi akianguka hufanya sapu, mtihani tu. Kule kurudia ni kusoma upya muhula mzima, maabara na yote, na kulipa ada upya. Krediti moja ya chuo kikuu kwa kawaida ni ghali kuliko ya chuo cha jamii, na kwa mwanafunzi wa kigeni ni ghali zaidi.

Binti naye ana hoja. Vyuo vikuu vingi hupokea krediti za anayehamia lakini havihamishi alama zake; GPA huanza upya. Vingi hukubali somo kuanzia C, kwa hiyo huenda krediti yake iko salama. Lakini kemia ogania husomwa kwa sehemu mbili, na ya pili imesimama juu ya ya kwanza. Baada yake inakuja baiokemia. Kama hakuielewa ya kwanza, C hiyo itamfungulia mlango wa darasa ambalo hataliweza.

Lakini aelewe pia kwamba kurudia hakufuti C. Rekodi ya chuo cha kwanza hubaki. Kama ndoto yake ni udaktari, mfumo mkuu wa maombi ya vyuo vya udaktari vya kule huhesabu alama zote mbili, ya mwanzo na ya marudio. Kwa hiyo kurudia kwa ajili ya kuficha aibu ni kutupa fedha. Kurudia ili aelewe, hilo ni jambo jingine.

Basi mama, kabla ya kubishana na baba, mwambie binti afanye mambo manne.

Kwanza, achukue mtihani wake wa mwisho aufanye tena peke yake. Akiona amesahau vitu vichache, likizo na mwalimu wa ziada vinatosha. Akiona haelewi msingi, arudie.

Pili, amwandikie mshauri wa masomo wa chuo kikuu anakokwenda, aulize: mnaruhusu kurudia somo lililofaulu? Idara yangu inataka alama gani? Majibu ayapate kwa maandishi. Vipo vyuo visivyomruhusu mtu mwenye C kurudia.

Tatu, aseme ukweli kilichosababisha C. Kama ilikuwa kazi za jioni au masomo mengi mazito kwa pamoja, akirudia na ratiba ileile atavuna kilekile.

Nne, asiache somo lolote katikati ya muhula bila kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mwenye viza ya masomo hutakiwa kusoma kwa muda kamili, na kupunguza masomo bila idhini kunaweza kumharibia viza.

Akishapata majibu, ampigie baba mwenyewe. Asimtume mama. Amwamkie, amweleze kiasi kinachohitajika na kitakachobadilika safari hii. Na baba, mtoto anayekuambia kwamba amefaulu lakini hajaelewa, anakuambia ukweli ambao wengi huuficha mpaka siku wanaporudishwa nyumbani. Msikilize kwanza, hesabu ya fedha ifuate.