Kodi ya nyumba nayo ni amana



Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana wetu mnaosoma,

Mwezi uliopita niliondokewa na wanafunzi wawili, ndugu wa tumbo moja. Hawakuugua wala hawakuchoka kusoma. Mwenye nyumba alimpandishia baba yao kodi na kumpa siku 15, familia ikahamia pembezoni mwa mji ambako chumba ni nafuu. Mkubwa wao alikuwa amebakiza sura chache tu kumaliza Juzuu Amma. Mama yao alipiga hesabu ya nauli ya watoto wawili kwa wiki, akanyamaza.

Sisi wa Kiyovu na jirani zake habari hii si ngeni kwetu. Zamani zilikuwapo Kiyovu mbili: ya matajiri, na ile iliyoitwa Kiyovu cy'abakene, yaani ya maskini. Mwaka 2008 ile ya maskini ilivunjwa kupisha mpango mpya wa mji. Wenye nyumba wakapewa fidia, wengine wakapewa nyumba Batsinda, wilaya ya Gasabo. Mpangaji hakuwa na nyumba ya kulipwa. Alifunga godoro lake akatafuta chumba kwingine. Leo Kiyovu wapo wanaotaja kodi kwa dola, ingawa Benki Kuu ya Rwanda imekataza kutoza kwa fedha za kigeni bila idhini yake. Anayelipwa mshahara kwa faranga anakimbilia Biryogo na Nyamirambo, na huko nako kodi inapanda.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Wenye nyumba wa Biryogo na Nyamirambo si watu wa mbali. Wengi wao tunaswali nao safu moja.

Nilipolisema hili, ndugu mmoja alinijibu kwa hoja ya dini: bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye hakukubali. Ni kweli, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Lakini tuisome mpaka mwisho. Mtume (s.a.w.) alichelea asikutane na Mola wake huku kuna mtu anamdai dhulma. Basi Hadithi inayotuogopesha dhulma tutaifanyaje iwe ruhusa ya kudhulumu? Ibn Taymiyya katika kitabu chake al-Hisba alitofautisha bei inayopanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, na bei anayobanwa nayo mwenye shida kwa kuwa hana pa kwenda.

Mwenye nyumba naye ana haki zake. Ana ushuru wa serikali, ana ukarabati, na huenda nyumba hiyo ndiyo riziki ya mjane au yatima. Sisemi akodishe bure. Ninaomba mambo matatu.

Kwanza, andikianeni mkataba. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imetufundisha kuandika madeni, na sisi tunakodishana nyumba kwa mdomo, kisha tunagombana.

Pili, ukitaka kupandisha kodi, mwambie mpangaji miezi mitatu kabla, na nyongeza iwe ya kiasi. Usimwachie dalali akupangie. Yeye anatafuta komisheni yake.

Tatu, mpangaji aliyefiwa au kupoteza kazi mpe muda. Hiyo ni aya ya 280 ya sura hiyo hiyo.

Nawe mpangaji, usijifiche nyuma ya maneno haya. Mwenye uwezo akichelewesha haki ya mtu, Mtume (s.a.w.) ameiita dhulma. Lipa kodi kwanza, simu mpya itasubiri. Nyumba ya watu itunze kama yako.

Kamati za misikiti nazo zina kazi. Ziwe na daftari la vyumba vya waumini, ili anayetafuta asianguke mikononi mwa dalali. Na aliyelemewa na madeni ana fungu lake katika Zaka, kama ilivyo katika Surat at-Tawba, aya ya 60.

Ndugu mwenye nyumba, kabla hujampandishia mtu kodi, muulize watoto wake wanasoma wapi na wamefika sura gani. Huenda jibu lake likakufanya umwongezee miezi miwili.

Allah atubariki katika majumba yetu na atujaalie kupeana haki. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.