UKURASA WA VIJANA: Mwalimu Asiyekuachia Ukosee



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, mwezi huu napenda kuzungumza juu ya elimu ya hifadhidata, yaani elimu ya kuweka habari katika kompyuta kwa mpango, ili zipatikane upesi zinapotakiwa. Vijana wetu, hapa Gongoni na kwingineko, waweza kuisoma kwa simu katika shule za mtandaoni. Shule hizo zimepata chombo kipya, nacho kina faida na kina hatari.

Msidhani jambo hili ni geni kwetu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yatuamrisha kuliandika deni lenye muda, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Na Tabora yetu ilikuzwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mali nyingi ilikwenda kwa mkopo, na mkopo haukai kichwani, hukaa katika daftari.

Hifadhidata ni daftari lile lile, ila limepangwa kwa namna nyingine. Mwaka 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza namna ya kuweka habari katika majedwali yanayohusiana. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaeleza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo yaitwa SQL. Kila mstari wa jedwali huwa na ufunguo wake usiofanana na wa mwingine. Akina Juma Ramadhani ni wengi Tabora, lakini nambari ya NIDA yenye tarakimu 20 ni ya mtu mmoja tu.

Elimu hii sasa hutolewa hata bila ada. Shule ya freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, huifundisha, na Khan Academy kadhalika. Mwanafunzi huandika amri yake, na papo hapo huambiwa kama amepata au amekosa. Kisha, tangu mwisho wa mwaka 2022, akili mnemba ilipoenea, shule nyingi za namna hii zimeweka msaidizi. Mwanafunzi akikwama humwuliza, naye humfafanulia kosa. Na wasaidizi wengine humwandikia jibu zima.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Mpwa wangu alijifunza SQL kwa njia hiyo. Mwanzoni alikuwa akikosea, akinung'unika, akirudia. Alipompata msaidizi, manung'uniko yakaisha. Akamaliza kwa usiku mmoja masomo yaliyokuwa yakimchukua mwezi. Nikafurahi, nikampa kazi ya kuhamisha daftari la chuo chetu katika kompyuta: jina la mtoto, jina la mlezi, na tarehe aliyolipa ada mara ya mwisho.

Kumi la mwisho la Ramadhani, nilitaka orodha ya watoto wa kugawiwa nguo za Idi. Nikamwambia, "Kwanza waondoe walioacha chuo, nawe ufanye haraka." Akamwomba msaidizi amwandikie amri. Msaidizi akaandika sentensi iliyo safi kabisa: wafutwe wote ambao nafasi ya tarehe ya ada ni tupu. Kijana akaipitisha bila kuipima, nami nikaipokea orodha bila kuisoma.

Siku ya ugawaji, alibaki mtoto mmoja mlangoni ambaye jina lake halikuitwa. Hakulia wala hakuuliza. Alisimama tu akitazama wenzake. Nilipomwona, moyo ukashtuka. Huyo ni yatima, na yatima chuoni kwetu hawalipi ada. Nafasi yake haikuwa tupu kwa kuwa ameondoka, bali kwa kuwa hakudaiwa kitu. Yatima 11 walifutwa kwa amri moja! Kama nisingalilitunza daftari la karatasi, tusingaliwajua wote. Tuliwaita usiku ule ule, kila mmoja akapata haki yake.

Mpwa wangu alisema, "Mjomba, amri haikuwa na kosa." Kweli, haikuwa na kosa la lugha. Kosa lilikuwa katika maana, na maana ya nafasi tupu ilijulikana na sisi, haikujulikana na mashine. Nami nina fungu langu la lawama, kwani ni mimi niliyemharakisha.

Enyi vijana, mwajua tunavyosomesha chuoni. Mtoto akikosea, mwalimu hamsomei aya nzima. Humnyamazia kidogo ili arudi mwenyewe, kwani kosa alilolisahihisha kwa ulimi wake halimpati tena kwa wepesi. Hata Khan Academy walipomtoa msaidizi wao Khanmigo mwaka 2023, walimtengeneza amwulize mwanafunzi maswali badala ya kumpa jibu. Basi mtumieni msaidizi awaeleze kosa, wala msimruhusu awaandikie jibu kabla hamjajaribu.

Tena yashikeni haya. Kabla ya kufuta kwa DELETE, tumieni SELECT kwa sharti lile lile, msome majina yatakayoondoka. Katika hifadhidata kama PostgreSQL, anzeni kwa BEGIN. Mkiona mmekosea, ROLLBACK huyarudisha yote, maadamu hamjathibitisha kwa COMMIT. Wekeni nakala mahali pengine. Wala msifanyie mazoezi kwa majina ya watoto wa watu. Ni amana, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Nanyi wazazi, mtoto akisema amemaliza somo, mwambieni azime msaidizi, aandike amri moja mbele yenu na kuieleza kwa Kiswahili. Akiweza kuieleza, amejua.

Mpwa wangu ameanza tena somo la kwanza. Hukosea, hunung'unika, hurudia, nami nikimsikia hufurahi. Daftari la karatasi bado nalitunza sandukuni.

Wabillahi tawfiq.