Wasiwasi wa udhu unapokuwa maradhi

Wamo miongoni mwetu ambao adhana huwakuta bombani, na iqama huwakuta wangali pale pale. Huosha mkono mara kumi, kisha hushuku kama maji yamefika kiwikoni, wakaanza upya. Ngozi imepasuka, jamaa imewapita, nao wanalia. Nasi huwaambia, "Acha wasiwasi, huyo ni shetani." Tunayasema kwa nia njema, lakini mara nyingi hayawasaidii kitu.

Mafakihi wametufunza kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Mwenye afya akielezwa hivyo hutulia. Mgonjwa huyu huenda anaijua kanuni hiyo kuliko sisi, na bado mkono wake unarudi bombani. Basi kasoro si uchache wa elimu wala udhaifu wa imani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi, akaupa wasiwasi mlango wake peke yake, mbali na hofu, huzuni na ghadhabu.

Madaktari wa leo huanza na njia mbili. Ya kwanza ni kumzoeza mgonjwa, hatua kwa hatua, kukabili kile anachokiogopa bila kurudia kitendo chake. Ya pili ni dawa zinazogusa serotonini katika ubongo, ambazo huweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya nafuu kuonekana. Kwa hiyo anayeacha dawa baada ya siku chache hajaijaribu bado.

Wengi hupata nafuu kwa njia hizo. Wako wachache wasioipata hata baada ya miaka. Kwa ajili ya hao, mwaka 1999 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza jaribio la kupitisha nyaya nyembamba hadi ndani ya ubongo, zikiunganishwa na kifaa cha betri kilichowekwa chini ya ngozi, ili kupeleka umeme mdogo. Mwaka 2009 Marekani iliiruhusu tiba hiyo kwa masharti maalumu, kwa wagonjwa mahututi wa maradhi haya. Ni upasuaji wenye hatari zake, zikiwamo kuvuja damu ubongoni na maambukizi, wala si mahali pa kuanzia.

Hata hivyo, tiba hiyo imetufunza jambo. Watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, walipima kortisoli, homoni ya mfadhaiko, katika mkojo wa kundi dogo la wagonjwa waliowekewa kifaa. Kilipozimwa kwa wiki moja, wasiwasi ulizidi na kortisoli ikapanda. Hatusemi kwamba kipimo cha homoni kinatosha kuyatambua maradhi haya. Daktari huyatambua kwa kumsikiliza mgonjwa. Tunachosema ni kwamba mateso haya yamo mwilini, kama yalivyo mateso ya kisukari au pumu, na hayaondoki kwa kukemewa.

Nyumbani tunao wajibu wetu. Tusimcheke, tusimfiche. Akituuliza kwa mara ya tano kama udhu wake umetimia, tusimjibu kila mara, kwani kila jibu humtuliza kwa dakika chache tu, kisha swali hurudi likiwa na nguvu zaidi. Tumjibu mara moja kwa upole, kisha tumwongoze kwenye swala. Dua na ruqya tusiziache, lakini tusizifanye sababu ya kuchelewesha hospitali. Tumpeleke kwenye kliniki ya afya ya akili, tukae naye mlangoni, turudi naye siku ya miadi.

Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza kutafuta tiba. Yupo kijana ambaye juma hili ameiacha swala, si kwa kuidharau, bali kwa kuchoka kuianza. Tumtafute kabla hajakata tamaa. Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sisi subira ya kuwauguza. Amin.