Walichokitaka Nacho ni Historia

Toleo hili limekusanya mapitio ya vitabu vya aina tatu ambavyo maktaba zetu huviweka mbalimbali: historia, siasa, na riwaya zinazotungwa juu ya nchi zisizokuwapo. Tumevikutanisha kwa makusudi. Msomaji wa historia na siasa anayeziacha riwaya hizo kwa kuziona ni mchezo anajinyima ushahidi wa jambo ambalo nyaraka hulitaja kwa nadra, nalo ni kile watu walichokuwa wakikitaka. Faili la polisi hueleza mtu alipinga nini, akakamatwa lini, akahukumiwa vipi. Nchi aliyoitamani haimo humo.

Mfano wa kwanza uko hapa hapa Meru. Masimulizi ya asili ya Wameru yanaanzia Mbwaa, penye maji mengi, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune kwa mavazi yao mekundu. Mabwana hao waliwadai watu wetu vitu visivyowezekana. Walitaka kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wazee wakakata ile ngozi inayoning'inia chini ya koo la ng'ombe, ambayo ina manyoya huku na huku. Wakataka mbwa mwenye pembe. Akavishwa mbwa pembe za paa. Ukaja mkuki wa kutoka ardhini hadi mbinguni, na hapo watu wakatambua kwamba hakuna jibu litakalopokelewa, wakatoroka kwa kuvuka maji. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aliitafuta Mbwaa kwenye ramani na kuitambua kuwa kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Wengine hawakubaliani naye, na wako wanaoona katika kule kuvuka maji athari ya kitabu cha Kutoka kilichokuja na wamisheni. Ubishi huo una haki yake na uendelee. Hata hivyo, Mbwaa isipopatikana kamwe, masharti yale matatu yanabaki kuwa uchambuzi wa siasa ulio makini: mtawala anayeongeza sharti kila linapotimizwa hataki litimizwe. Walioitunza hadithi hii walikuwa wanahistoria, wachambuzi wa utawala na watunzi kwa pamoja, wala hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo.

Waandishi wetu wa Kiswahili waliifuata njia iyo hiyo. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, aliiweka nchi yake angani, akamsimamisha Karama kizimbani kwa kosa la kutaka kufundisha sheria. Utetezi wa Karama ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarejea na mambo ya kuifaa nchi, wakaishia gerezani. Katama Mkangi, mhadhiri wa sosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini na serikali mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995. Humo Dzombo anatiwa katika chombo cha kumwangamiza, naye anafika nchi ya watu walio sawa. Anayekisoma kitabu hicho bila kuijua 1986 atakiona kama ndoto ya hewani. Na anayeisoma 1986 bila kitabu hicho atajua serikali iliogopa watu gani, asijue watu hao walitaka kujenga nini. Hasara hii ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo isiyosemwa.

Kuna pingamizi zito: kuchanganya ubunifu na historia kunawapa waongo nafasi, hasa katika nchi ambayo wanasiasa huzua asili na mipaka kila uchaguzi unapokaribia. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini dawa ya uzushi ni msomaji anayejua jinsi hadithi inavyoundwa, na hilo hujifunzwa kwa kusoma hadithi. Tena karatasi nazo zina wafichaji wake. Waliopitia kambi za kizuizini za Mwea na nyinginezo wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau, walisimulia mateso yao kwa miaka mingi, wakaonekana watu wa porojo, hadi mwaka 2011 ilipofichuka kwamba Uingereza ilikuwa imeyaficha mafaili ya makoloni yake huko Hanslope Park. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa. Aliyengoja karatasi ndipo aamini alikuwa upande wa walioificha.

Mpaka kati ya ubunifu na historia upo, na tunaushika. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru lenye makao yake hapa Nchiru, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana wengi wakakatana wenyewe kwa wembe. Mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kuwa katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuikaidi amri hiyo. Mtunzi hana ruhusa ya kuugusa mwaka huo wala idadi hiyo. Walichokuwa wakikitaka wasichana wale, walipokataa amri ya wazee na ya Mwingereza kwa pamoja na kuushika wembe uliowadhuru, hakielezwi na hati za mashtaka. Thomas alikwenda kuwauliza wenyewe wakiwa wamezeeka. Asiyeweza kuulizwa tena anahitaji mtunzi mwaminifu.

Wengine watasema chuo cha sayansi na teknolojia kama hiki cha hapa Nchiru hakina muda wa riwaya. Lakini mhandisi huchora kila siku kitu ambacho hakijakuwapo, naye anapaswa kujua nani atafaidika nacho na nani atahamishwa ili kipite. Kwa hiyo mapitio ya toleo lijalo tunayaomba kwake sawasawa na kwa mwalimu wa historia, kwa sharti moja: kila riwaya isomwe pamoja na kitabu kimoja cha historia ya miaka ilimoandikwa.