Karatasi iliyo kwenye sinia ina mwenyewe



Posho hii tunazungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakipita bila kukiangalia: sinia ya emprimanti, pale pahali karatasi zinaangukia zikishachapwa. Vikundi vyetu vingi havina mashine yao. Tunatumia moja pamoja na wengine: ya biro ya shirika, ya parokia, ya shule, au ya kijana mwenye sekretaria karibu na soko, anayewasha jenereta wateja wakishakuwa wengi. Mashine ni moja, sinia ni moja, na watu wanaosubiri ni sita au saba.

Tuhesabu tu yale yanayotoka hapo kwa siku moja ya kazi. Orodha ya AVEC yenye jina la kila mama, akiba yake na deni lake. Barua za mambo ya hati ya kuzaliwa ya mtoto. Biletini za wanafunzi. Fishi ya mama anayetumwa hospitali. Orodha ya familia zilizokimbia vita na zinazongojea msaada. Na gazeti letu hili. Yote yanaangukia pahali pamoja, moja juu ya nyingine, na mashine haijui hii ni ya nani. Kujua ni kazi ya yule anayesimama pale kwanza.

Ndiyo maana tunasema kupanga karatasi ni kazi ya kulinda watu, hata kama inaonekana kuwa kazi ya mikono tu.

Karatasi zinatoka namna gani

Tuanze na mikono. Mashine za unga, zile zinazotoa karatasi ikiwa ya moto, kwa kawaida zinaiangusha uso ukiangalia chini. Ukurasa wa 1 unalala chini kabisa, na wa mwisho unakuja juu. Ukishika rundo lote na kuligeuza mara moja, unakuta 1, 2, 3, 4 bila shida. Mashine nyingi za wino wa maji zinatoa uso ukiangalia juu, kwa hiyo ukurasa wa mwisho ndio unaonekana kwanza, na ni lazima kupanga upya. Tena wino huo unahitaji kukauka. Ukipangusa kwa kidole, jina la mtu linageuka kuwa doa.

Tukichapa kitu chenye kurasa nyingi, tumwombe anayeshika kompyuta achague mashine itoe kitabu kizima, kisha kingine, mpaka mwisho. Bila hivyo itatoa ukurasa wa 1 mara 20, kisha ukurasa wa 2 mara 20. Hilo nalo si baya kama tuna meza ndefu: tunaweka marundo manne, wamama wanazunguka meza wakichukua moja moja, na wa mwisho anapiga pini. Lakini kama meza ni moja na watu wengine wanasubiri, marundo hayo yatachanganyika na ya jirani kabla hatujafika kwenye pini.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Juu ya milima ya Masisi kuna ukungu na mvua. Chini katika msitu wa Walikale kuna joto lenye unyevu. Karatasi inakunywa maji ya hewa. Pakiti ya karatasi 500 iliyofunguliwa na kuachwa wazi kwa siku kadhaa inalegea, na mashine inavuta mbili kwa mara moja au inakwama. Karatasi tupu inaingia katikati ya faili, ama ukurasa unakosekana. Tufunge pakiti ndani ya mfuko wa plastiki, tuziachanishe karatasi kwa kuzipepea kabla ya kuziingiza, na tuhesabu zikishatoka. Kama tuliomba kurasa 12, tuondoke na 12.

Tupange kwa mwenyewe

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuokota rundo lote na kuliweka pembeni ya meza "ili wenyewe waje kuchagua". Hapo kila mtu anayetafuta karatasi yake anasoma za wengine wote. Anayetafuta barua ya shule anaona deni la shemeji yake. Anayetafuta orodha ya mbegu anaona jina la jirani kwenye fishi ya hospitali. Hakutaka kuona, lakini ameona, na jioni neno liko kwenye bomba la maji.

Njia nzuri ni hii. Mtu mmoja tu anapokea kwenye sinia kwa saa ile. Anaangalia kichwa cha karatasi na namba ya ukurasa, basi, bila kusoma ndani. Anaweka ya kila mwenyewe peke yake, uso chini. Kama marundo yanabaki juu ya meza moja, la kwanza linalazwa wima, la pili linalazwa upande, la tatu wima tena, na hata mtu mwenye haraka ataona pahali moja linaishia na lingine linaanza. Kila kazi iwe na karatasi ya juu yenye jina la kikundi na hesabu ya kurasa: "Kikundi cha akiba, kurasa 6". Jina la mama aliye ndani halina kazi pale juu.

Ya siri isiguse meza. Mwenyewe asimame pale pale mashine inapotoa, achukue ikiwa bado ya moto, aitie ndani ya farde na kuifunga. Akiwa hawezi kuja, isichapwe mpaka afike. Kusubiri saa moja kunasumbua, lakini neno likishatoka halirudi.

Kwa nini tunakazia

Chukua hati ya mtoto. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inampa kila mtoto haki ya kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, njia inakuwa ndefu na inapitia tribinali. Mama anayetoka kijiji cha mbali katika Bashali au Bakano anakuja kwa miguu, mtoto mgongoni, na pengine siku zinabaki chache. Ukurasa wake wa pili ukipigwa pini kwenye faili ya mwingine, wamama wawili wanarudishwa, na hesabu ya siku haiwangojei.

Kuna jambo zito zaidi. Katika maeneo yetu, karatasi nyingi zinabeba majina ya wanawake na wasichana waliotendewa jeuri. Sisi wa Walikale hatujasahau Luvungi na vijiji vya karibu yake, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, ambako watu zaidi ya 300 walibakwa kwa siku chache. Masisi nayo ina vidonda vyake. Kila anayekuja kusaidia anakuja na fishi ya kujaza. Sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 inahusu ulinzi na fidia kwa waathiriwa wa jeuri za kingono za wakati wa vita, na haki hiyo nayo haitafutwi bila jina kuandikwa pahali fulani. Hatusemi majina yasiandikwe. Tunasema yakishaandikwa, yalindwe.

Sheria namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inamwagiza hakimu alinde usalama, heshima na maisha ya siri ya yule aliyetendewa, na mwenyewe akiomba, kesi inasikilizwa mlango ukiwa umefungwa. Katiba yetu pia, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya siri na ya barua zake. Sasa fikirini: hakimu anafunga mlango wa tribinali, halafu ushuhuda ule ule unalala uso juu kwenye sinia ya biro, pahali kila mpita njia anaweza kuusoma. Mlango ulifungwa kwa faida gani? Na katika nchi ambako watu wenye silaha wanaweza kuingia biro yoyote siku yoyote, orodha ya majina iliyosahauliwa inaweza kuleta hatari kuliko aibu.

Umeme ukikatika

Hili wengi hawalijui. Mashine ikikwama, karatasi zikiisha au jenereta ikizimika katikati ya kazi, kazi ile mara nyingi haifi. Inabaki ndani ya kompyuta ikingoja. Mama anakata tamaa, anarudi nyumbani. Kesho asubuhi mtu mwingine anawasha mashine achape barua yake, na kwanza zinatoka kurasa za jana, mbele ya watu ambao hazikuwahusu.

Kwa hiyo mwenye kazi asitoke kabla ya kumwomba anayeshika kompyuta afungue orodha ya kazi zinazongoja na kufuta yake. Na kama tunatumia sekretaria ya kulipia, tuombe pia faili yenyewe iondolewe kwenye kompyuta, na ufunguo wa USB urudi mkononi mwetu. Tumelipa feza kwa karatasi, hatukuuza habari.

Karatasi zilizoharibika

Karatasi iliyotoka na mistari, iliyokunjika ndani ya mashine au iliyochapwa mara mbili, watu wanaiita taka. Wote tunajua taka hiyo inakwenda wapi. Karatasi ni ghali, nasi tunapenda kutumia vizuri kila kitu. Mwuza karanga anaikunja kuwa koni, mwuza mikate anafungia ndani yake, mtoto anaandika hesabu upande mweupe. Kwa tangazo la mkutano, hakuna ubaya. Kwa orodha ya majina, ni sawa na kuibandika sokoni.

Tuweke masanduku mawili ya kartoni karibu na mashine. La kwanza ni la karatasi zisizo na jina la mtu: hizo zitumike tena bila woga. La pili ni la zenye jina, namba ya simu, deni, ugonjwa au ushuhuda. Hizo zichanwe vipande vidogo na kuchomwa siku ile ile, wamama wawili wakiona. Moto wa kupikia unatosha.

Na karatasi nzima isiyo na mwenyewe ikibaki mpaka jioni? Isilale kwenye sinia. Iingie ndani ya bahasha, ifungwe, iandikwe tarehe, na kukaa chini ya ufunguo mpaka mwenyewe aje.

Ya kuzungumza katika kikundi

Kwenye mkutano wenu wa posho hii, tunaomba mtenge dakika chache kwa maswali haya. Karatasi za kikundi chetu zinachapwa wapi, na nani anazigusa kabla hazijatufikia? Mama gani, na nani wa kumsaidia, watasimama kwenye sinia siku ya kuchapa? Zilizoharibika mwezi uliopita zilikwenda wapi?

Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siku hizi kata ni yule anayeokota karatasi kwenye mashine. Mama akitupa jina lake liandikwe, ametutwika mtoto wake mgongoni. Tumfunge vizuri kitenge, tumfikishe.