Mifumo ya afya: Hatimiliki iko mikononi mwa nani?

MKAZI wa Kisumu Ndogo mjini Malindi anapotibiwa katika kituo cha umma, yeye huhesabiwa katika takwimu zinazotumwa kila mwezi kwa mfumo wa kitaifa wa habari za afya. Mfumo huo hutumia DHIS2, programu iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kuenezwa kote nchini Kenya mwaka wa 2011.

Rekodi za wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi nazo huhifadhiwa katika vituo vingi kwa KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza 2004 na wenye mizizi Eldoret.

Programu zote mbili za msingi ziliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java na zote ni huria. Hata hivyo, leseni zake hazifanani.

DHIS2 ina leseni ya BSD. Yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na hata kuiuza bila kufichua marekebisho yake, mradi ahifadhi tangazo la hakimiliki. OpenMRS hutumia leseni ya Mozilla, ambayo humlazimu anayesambaza faili alizozibadilisha kuziweka wazi kwa wanaozipokea.

Suala hili si la wanasheria pekee. Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, ambayo ndiyo iliyogharimia KenyaEMR kwa miaka mingi. Kwa sababu ya leseni, hakuna mfadhili awezaye kuondoka na programu yenyewe. Lakini leseni hailipi mishahara ya mafundi wala umeme wa kuendeshea kompyuta.

Linganisha na mfumo wa bima ya afya ya jamii, SHA, uliogharimu Sh104.8 bilioni. Mwezi Machi 2025 ilibainika kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, alionya kuwa serikali haumiliki mfumo huo.

Wapwani wanaijua vyema hali ya kumiliki nyumba katika kiwanja cha mwingine. Siku mwenye ardhi akibadili nia, kuta hazimsaidii mpangaji.

Kabla ya mkataba wowote kutiwa saini, iwe Nairobi au Kilifi, swali la kwanza liwe kuhusu leseni. La pili liwe: je, kaunti ina vijana waliofunzwa kuitunza programu hiyo mfadhili akiondoka? Haki isiyo na mtu wa kuitumia hubaki kwenye karatasi.