Tusiiachie Kamera Ituamulie Nyuso za Watu Wetu



Kila baada ya Komunyo ya Kwanza, makundi ya WhatsApp ya parokia hujaa picha. Tukizitazama kwa makini tunaona jambo linalojirudia: magauni na mashati meupe yametoka na rangi ya kijivu, na nyuso za watoto zimekuwa vivuli visivyo na macho. Mzazi anamtambua mwanae kwa shada la maua kichwani. Wengine husema kamera ni mbovu. Wengine, kwa mzaha unaoumiza, husema mtoto ni mweusi mno. Sisi mafrateri wa falsafa tulioanza kujifunza upigaji picha wa dijitali tunaona kwamba kauli zote mbili si za kweli. Kamera imefanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba imeachiwa iamue jambo isilolijua.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: anayeanza kujifunza picha, kabla hajawaza lenzi ya bei ghali au programu za kuhariri, ajifunze kwanza kuukosoa uamuzi wa kamera juu ya mwanga.

Mambo yanayotawala mwanga katika picha ni matatu. La kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi. La pili ni muda ambao shata inabaki wazi. Ukitoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/60, mwanga unaoingia unakuwa takribani mara mbili. La tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopokea. Tukiiweka kamera kwenye Auto, yenyewe ndiyo inayochagua yote matatu, ikitegemea kipima mwanga kilichomo ndani yake.

Hapo ndipo penye mzizi wa shida. Kipima mwanga hakijui kama kinatazama uso, ukuta au kasula. Kinachojua ni kiasi cha mwanga unaorudi tu, na kimetengenezwa kikidhani kwamba ulimwengu wote, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Jaribu zoezi hili linalofundishwa kila mahali: jaza picha yako kwa alba nyeupe tu, upige. Kisha ijaze kwa kanzu nyeusi tu, upige. Picha zote mbili zitatoka na kijivu. Nyeupe imetiwa giza, na nyeusi imeongezewa mwanga, ili zote zifike kwenye wastani.

Sasa fikiria watoto arobaini waliovaa meupe mbele ya altare. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga wa picha nzima, na nyuso zao, ambazo zilihitaji mwanga zaidi, ndizo zinazolipa gharama.

Sisi tunaosoma maadili ya Aristotle tunalijua kosa hili kwa jina lingine. Alipoeleza kwamba fadhila iko katikati, alionya tusidhani ni katikati ya hesabu. Kama vipimo kumi vya chakula ni vingi na viwili ni vichache, mwalimu wa michezo hampi kila mtu sita kwa sababu tu sita iko katikati. Kwa Milo, yule mpiga mieleka, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Katikati ya kweli hutegemea mtu aliye mbele yako, na kuipata ni kazi ya busara. Kamera inajua katikati ya hesabu tu. Busara inabaki kuwa kazi ya mwenye kamera.

Wala jambo hili halikuanza na dijitali. Zamani za filamu, maabara za kusafisha picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", na kwa miaka mingi mwanamke aliyekuwa kwenye kadi hizo alikuwa Mzungu. Ngozi yake ikawa kipimo cha picha kuwa "nzuri", na watu weusi wakatoka vibaya kwenye picha hizohizo. Kipimo chochote hubeba mawazo ya aliyekitengeneza.

Wenzetu wengine watatujibu: simu za siku hizi zina akili, kwa nini tujisumbue? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Simu nyingi sasa zinautambua uso na kuupa kipaumbele, na mwaka 2021 Google ilitoa Pixel 6 ikiwa na mfumo unaoitwa Real Tone, uliokusudiwa kuonyesha rangi mbalimbali za ngozi kwa usahihi zaidi. Tunafurahia hatua hiyo. Lakini parokiani wengi wetu tunatumia simu na kamera za kawaida, mara nyingi za kuazimwa. Na hata simu yenye akili nyingi inaweza kuzidiwa na dirisha kubwa lenye jua lililo nyuma ya mwanakwaya.

Wengine watasema tutarekebisha baadaye kwenye kompyuta. Hapa tunaona hatari ya pili. Programu nyingi za "kupendezesha" hazirudishi uso uliopotea gizani, bali huung'arisha mpaka ngozi inakuwa si ya mtu yule. Mtoto aliyefanywa kivuli na mtoto aliyepakwa weupe wote wametendewa jambo moja: wameambiwa uso walio nao haufai kuonekana. Sisi tunaofundishwa kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu hatuwezi kulichukulia hilo kama suala la ufundi tu.

Tufanye nini basi? Mwenye kamera ageuze gurudumu kutoka Auto kwenda P, kisha atafute kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Palipo na weupe mwingi aanze na +1. Palipo na weusi mwingi ajaribu -1. Mwenye simu aguse uso kwenye kioo, kisha, kwenye simu nyingi, ataona alama ya jua ya kusogeza juu au chini. Asizidishe: mwanga ukipita kiasi, lesi ya gauni hugeuka doa jeupe tupu, na hakuna programu itakayoirudisha. Picha za familia zipigwe kwenye kivuli cha baraza la kanisa, ambako mwanga ni mpole, badala ya juani saa sita mchana. Ndani ya kanisa tusimame dirisha likiwa nyuma yetu, si nyuma ya anayepigwa. Na flashi tuiache wakati wa Misa, inawasumbua wanaosali.

Tunawaomba pia mapadre na viongozi wa jumuiya jambo dogo. Kabla ya Kipaimara au Komunyo ya Kwanza, wapeni vijana wanaopiga picha nusu saa kanisani, saa ileile ambayo Misa itakuwa. Mmoja avae shati jeupe asimame mbele ya altare, mwingine apige picha tatu kwa vipimo tofauti, kisha wote watazame pamoja na kuulizana swali moja: je, macho yake yanaonekana? Zoezi hilo halina gharama yoyote. Picha itakayopigwa siku ya sherehe huenda ikakaa ukutani kwa wazazi miaka thelathini, na mtoto atakua akijitazama humo.